Mtoto Anapopekua: Vitu na Siri za Watu Ndani ya Nyumba



Malalamiko kuhusu mtoto anayepekua hufanana: mtoto kafungua mkoba wa shangazi, kasoma meseji za baba, kavaa hereni za dada bila kuomba. Hukumu nayo ni ile ile: mdokozi huyu, achapwe. Naomba tusiifikie upesi hivyo. Mtoto huheshimu cha mwenzake akiwa naye ana chake kinachoheshimiwa, na maswali yake yakipata majibu bila yeye kuyatafuta chini ya godoro.

Wa miaka miwili anayemwaga droo hana kosa. Anaijua dunia kwa mikono. Hapo kazi ni yetu: dawa ziwekwe juu tena zifungiwe, na mafuta ya taa yasitiwe kamwe kwenye chupa ya soda. Akiyanywa, msimtapishe, maana yakirudi juu huweza kuingia mapafuni. Mkimbizeni hospitali.

Wa miaka minane au kumi ni habari nyingine. Huyu mara nyingi anapekua kwa sababu amenusa jambo. Watu wazima wananong'ona, wakimwona wananyamaza. Kuna vidonge anameza kila siku na hajaambiwa ni vya nini. Wapo watoto waliojua kuwa wanaishi na virusi vya UKIMWI kwa kuisoma wenyewe kadi ya kliniki iliyofichwa kabatini, wakabaki na habari hiyo peke yao kwa kuogopa kuulizwa waliipataje. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilishauri watoto wenye umri wa kwenda shule waelezwe hali yao, na walio wadogo zaidi waelezwe hatua kwa hatua, kadiri wanavyoweza kuelewa. Ushauri huo unafaa hata kwa talaka inayonukia, au baba ambaye jina lake halitajwi nyumbani. Mtoto aliyekwisha kuambiwa, hata kwa maneno machache, hana haja ya kuvizia tukitoka.

Kuhusu simu, tuseme ukweli. Tunampa mtoto simu atazame katuni ili tupike kwa utulivu, bibi anamwita mjukuu amtolee pesa na kumtajia namba ya siri, kisha tunashangaa amefika kwenye ujumbe usiomhusu. Namba ya siri isiwe mali ya nyumba nzima. Bibi asaidiwe kuibonyeza mwenyewe, hata kama atachukua muda.

Mtaniuliza: faragha gani, nasi tuko sita katika chumba kimoja cha kupanga, kilichogawanywa kwa pazia? Malezi yetu yalikwisha kulijibu hilo. Pazia nalo hupigiwa hodi. Katika Kurani, Sura An-Nur, aya ya 58, watoto ambao hawajabaleghe wanatakiwa kuomba ruhusa ya kuingia nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapopunguza nguo, na baada ya sala ya isha. Na pasipo na kabati, boksi la viatu linatosha kuwa la mtoto mwenyewe, lisilofunguliwa na yeyote bila idhini yake, mama akiwamo.

Hapa ndipo wengi wetu tunakwama. Mama anasoma daftari la bintiye mbele ya mashangazi, watu wanacheka, halafu kesho anamkanya binti asiguse mkoba wake. Kifungu cha 10 cha Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa 1990, kinakataza faragha ya mtoto kuingiliwa kiholela, na papo hapo kinawaachia wazazi haki ya kumsimamia kwa kiasi. Kwa hiyo ukiona dalili ya hatari, kagua, lakini kagua naye akiwepo na umweleze unatafuta nini.

Hata hivyo, mtoto asidhani kila siri ni ya kutunzwa. Mtu akimgusa mwilini na kumwambia asiseme, hiyo aitoe, awe mjomba au jirani. Mwambieni hivyo waziwazi, kabla ya jambo lolote kutokea.

Katika vikundi, kila mmoja ataje kitu kimoja cha mtoto wake ambacho yeye mzazi hukifungua bila kuomba, na jambo moja ambalo mtoto huyo amekuwa akiuliza na bado hajajibiwa. Tujadili nani nyumbani atamjibu, na kwa maneno gani.