Tulipoanza kuogopana sokoni

Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya kamati kwenye mkutano mkuu wa wanachama, Uvira

Kwa mkono hatutawasalimu, sababu mnaijua wenyewe.

Tumepewa nafasi ya kueleza hali ya kisanduku. Hesabu zenyewe atazisoma mtunza hazina baada yetu. Lakini hesabu zile hazitaeleweka kama hatusemi kwanza habari ya soko. Pesa za kisanduku chetu zinatoka sokoni na zinarudi sokoni, na mwaka huu wa 2020 hata sisi tuliozeeka ndani ya soko tunaingia pale kama wageni.

Tuanze na yale mnayoyajua. Tarehe 10 mwezi wa tatu mgonjwa wa kwanza wa Korona alitangazwa Kinshasa. Tarehe 18 Rais Tshisekedi akafunga shule na makanisa, akakataza mikusanyiko ya watu zaidi ya 20. Tarehe 24 akatangaza hali ya dharura. Kabla mwezi haujaisha, ugonjwa ulikuwa umefika Bukavu. Sasa, watu 20! Soko la Mulongwe asubuhi lina watu 20 kwenye meza za nyanya peke yake. Soko liliendelea kwa sababu watu lazima wale, lakini kila aliyeingia na kikapu alijua kwamba anavunja sheria ambayo hakuna namna ya kutoivunja.

Wafadhili walituuliza kama watu wanakubali kunawa mikono. Tunajibu waziwazi: kunawa hakukutushangaza. Uvira ni mji wa kipindupindu miaka na miaka. Tena mwaka jana, 2019, Ebola ilipofika Mwenga, wote tulijifunza upya habari ya ndoo yenye robine na maji ya klorini. Mtoto mdogo hapa anajua kunawa kabla hajajua kuandika jina lake. Kwa hiyo ndoo haikuwa kitu kigeni. Mambo mengine ndiyo yalitutikisa, na hayo hayaandikwi kwenye ripoti.

Fikirini namna tunavyonunua. Unga wa muhogo haununuliwi kwa macho. Unachukua kidogo kwa vidole viwili, unaweka ulimini, unajua kama umechacha au kama muhogo haukulowekwa vizuri. Mawese mama anakudondoshea kwenye kiganja, unalamba. Samaki unamfungua shavu uone wekundu, unamgusa tumbo kama bado limekaza. Ndagala unanusa. Sombe unaikunja uone kama bado ni changa. Na kila mara unabishana bei, na kubishana ni kwa uso: mama anacheka, unaona meno yake, unajua bado kuna nafasi ya kushuka. Akikunja mdomo unajua umefika mwisho, lipa uende zako.

Yote hayo, katika majuma machache, yakawa hatari. Maski ikafunika ulimi, pua na kicheko. Tulianza kununua unga bila kuonja, na wengi wetu tulikula ugali mchungu siku zile, tusisingizie mpishi. Mama mmoja muuza mawese, mwanachama wetu, alikuwa anamwambia kila mteja: "Yaya, usilambe tena, uniamini tu." Na mteja anajibu: "Nitakuamini namna gani na sikuone hata mudomo?" Watu wanacheka wakisikia hivyo. Yeye hakucheka, kwa sababu wateja walipungua, na bidoni la mawese alilozoea kumaliza katika siku mbili likakaa juma zima.

Hata pesa zikawa za kuogopwa. Mnazijua noti zetu za 100 na 200, zimelegea kama kitambaa, zinatoka kwenye pindo la kikwembe, zimefungwa pamoja na jasho la mwenyewe. Wauzaji wengine waliweka sahani: tupa pale, usinipe mkononi. Wengine walizitia ndani ya maji ya sabuni, na noti ya 100 ya siku hizi haistahimili kuoshwa. Kumtupia mama mzee pesa kwenye sahani, tulilelewa tukijua kwamba hiyo ni dharau. Unampa kwa mkono wa kuume, na kama ni mkubwa kwako unaushika na ule wa kushoto. Tulifanya dharau hiyo kila asubuhi, sisi na wao, na tukaita usafi.

Kisha majivu. Penye duka moja la unga mwenyewe alichora duara chini kwa majivu, moja moja, hatua mbili kati yao, ili watu wasimame ndani. Ni wazo zuri, hatulilaumu. Lakini tuliorudi kutoka Lugufu na Nyarugusu tulipoona mstari ule tulinyamaza. Mwenye kujua anajua. Mstari wa mgao: unasimama tangu alfajiri na kadi mkononi, hujui kama unga utafika kwako, husemi bei, huchagui, unapokea na kupisha mwingine. Mzee mmoja wetu aliingia katika duara lake, akakaa kidogo, akatoka, akarudi nyumbani bila unga. Alipoulizwa alisema tu: "Mimi nilitoka huko." Hakuna aliyemuuliza tena.

Ndugu zetu ambao hawakukimbia wanaweza kusema tunazidisha. Tunawaomba wakumbuke. Meli zilipoanza kuturudisha kutoka Kigoma mpaka Baraka mwaka wa 2005, na miaka iliyofuata, wengi wetu tulishuka na watoto wasiojua hata njia ya kwenda mtoni. Tuliitwa Watanzania. Sokoni tuliuziwa kwa bei ya mgeni, na deni hatukupewa, na hiyo ni haki, nani anamkopesha mtu asiyemjua? Ilichukua miaka mpaka mama wa ndagala akujue kwa jina la mtoto wako wa kwanza, akuongezee kiganja kimoja bila kuombwa, na siku huna kitu akuambie, "Beba tu, utanilipa siku ya posho." Kwetu sisi siku ile ndiyo tulirudi nyumbani kwa kweli. Karatasi ya kurudi ilitolewa zamani, lakini deni la kwanza la ndagala lilikuja baadaye sana.

Mwaka huu tumeona jambo hilo likirudi nyuma. Wengi wetu tunasikiliza redio za ng'ambo ya ziwa, basi maski tunaita barakoa. Neno hilo likawa kama alama juu ya paji la uso. Tanzania iliacha kutoa hesabu ya wagonjwa tangu mwisho wa mwezi wa nne, na watu wa hapa wakaanza kusema ugonjwa utaingia kwa mitumbwi. Dada yetu mmoja aliomba barakoa kwenye meza ya vitambaa. Muuzaji alimwangalia, akarudi nyuma hatua moja: "Weye umetoka Kigoma siku gani?" Dada yule ameishi Kalundu zaidi ya miaka kumi. Alilipa, akaenda. Tangu siku ile anamtuma binti yake, aliyezaliwa hapa, kwa sababu binti anasema maski kama wengine.

Kuhusu mpaka tutasema kwa ufupi, kwa kuwa mtunza hazina atalieleza kwa tarakimu. Mpaka wa Gatumba ulifungwa kwa watu. Malori yenye mizigo yaliendelea kupita. Mama mwenye kikapu cha nyanya na vitunguu, yeye hakupita. Wamama wetu walikuwa wanavuka asubuhi, wanapeleka vikwembe au mawese, wanarudi jioni na mboga na maharagwe kutoka upande wa Burundi. Siku moja hiyo ilikuwa mtaji, faida na chakula cha jioni, vyote katika safari moja. Ilipokatika, nyanya zikapanda bei hapa Uvira, na wale waliokuwa wauzaji wa nyanya wakawa wanunuzi wa nyanya ghali. Hapo pia kuna ugeni: kusimama upande wa pili wa meza uliyoizoea, ukiomba bei kwa mtu aliyekuwa anakuomba wewe.

Na usiku wa kuamkia tarehe 17 mwezi wa nne, mto Mulongwe ukatoka. Hatuna haja ya kuwaeleza wa hapa. Kwa wafadhili tunasema: maji yalichukua watu, nyumba, na bidhaa zilizokuwa ndani ya nyumba, na familia zilizoambiwa juma lililotangulia zikae mbalimbali zikalala pamoja ndani ya vyumba vya shule. Waliotoka pale kwenda kutafuta chakula walikwenda sokoni bila sahani wala kikapu, na matope miguuni. Ajabu ni kwamba siku zile za kwanza, woga wa Korona ulipungua. Mama wa sombe alimshika mkono aliyefiwa, akamkumbatia, maski ikaanguka chini, hakuna aliyesema neno. Juma moja baadaye sahani za pesa zilikuwa zimerudi mezani.

Sasa tufike kwenye deni, kwa sababu hapo ndipo kisanduku chetu kimeumia.

Soko letu halina vitabu. Lina nyuso. Mchuuzi anakumbuka: huyu ananidai, yule namdai, huyu hulipa akishavuna, yule hulipa mume akirudi kutoka ziwani. Uso ukifunikwa, mtu akisimama hatua mbili, maneno yakawa mafupi, kumbukumbu ile inachoka. Wachuuzi wengi waliacha kukopesha kabisa. "Deni hapana, mpaka Korona iishe." Mnunuzi asiyekopeshwa hali. Mchuuzi asiyekopesha hauzi. Asiyeuza hawezi kurudisha mkopo wa chama. Ndiyo sababu mtasikia leo kwamba wengi waliochukua mtaji mwezi wa pili hawajarudisha hata nusu. Hao si wezi. Tunawajua, tumekaa nao kambini, tumezika pamoja.

Kuna pendekezo limeletwa na baadhi ya wanachama, na tunaliheshimu: tudai pesa zote kabla ya mwisho wa mwaka, na asiyelipa atolewe. Kamati haikubaliani. Mtu akitolewa kwenye chama mwaka huu, nani atamkopesha sokoni? Jina la chama ndilo lilikuwa dhamana yake pale mezani. Wachuuzi wasio wanachama hutuuliza wenyewe: "Huyu ni wenu?" Tukisema ndiyo, anapewa. Tukisema hapana, tumemrudisha ndani ya duara la majivu.

Sisi tunapendekeza hivi. Mikopo yote ya mwezi wa pili na wa tatu isimame bila nyongeza mpaka mpaka ufunguliwe kwa watu wa miguu. Sehemu ya akiba iliyobaki igawanywe kama mtaji mdogo mdogo, hasa kwa wamama waliokuwa wanavuka Gatumba, waanze bidhaa zinazotoka huku kwetu: mawese ya Fizi, ndagala, makala, muhogo. Na kila mchuuzi mwanachama akubali kufungua tena deni kwa watu watatu, atakaowachagua yeye mwenyewe, chama kikimsimamia kama wakishindwa kulipa. Watatu si wengi, lakini mmoja akianza, wa meza ya pili anamwona.

Kwa wafadhili wetu, neno moja. Mlituletea ndoo, sabuni na maski, na tumezitumia, asanteni sana. Ndoo zipo mpaka kwenye milango ya makanisa. Kama mtakuwa na nafasi tena mwaka huu, tunawaomba msaada uje katika mtaji wa wachuuzi na katika hiyo dhamana ya deni. Tunajua mtaji haupigwi picha vizuri kama ndoo. Mtunza hazina atawaandikia kila miezi mitatu pesa ilikwenda kwa bidhaa gani na imerudi kiasi gani, na mwakilishi wenu anakaribishwa sokoni siku yoyote aje aone mwenyewe. Aje na maski, na aje na njaa kidogo, maana bei inaeleweka vizuri zaidi hivyo.

Jambo la mwisho ni la kazi. Kura juu ya mapendekezo haya mawili tutapiga baada ya chakula. Daftari la mikopo liko pale mezani kwa mwandishi, karibu na mlango. Tunaomba kila mmoja apite aangalie ukurasa wake, na kama kuna kosa aseme sasa. Wasiojua kusoma, binti wa katibu yuko pale, atawasomea kwa sauti ndogo. Msisukumane.