Kabla ya Kujaza KUCCPS, Nenda Ukamwone Daktari Kazini

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa vijana waliomaliza kidato cha nne na wazazi wao, Likoni

 

Leo nazungumzia jambo moja tu: kijana anayetaka kuwa daktari aombe vipi nafasi ya kukaa na daktari kazini na kumtazama. Sizungumzii ajira, wala yale mafunzo ya nyanjani ya wanafunzi wa vyuo. Nazungumzia kukaa kando siku mbili tatu, ukaona kazi yenyewe, kabla hujaamua.

Kule Marekani, kijana husoma kwanza shahada nyingine, ndipo aombe chuo cha udaktari, na vyuo vingi humtarajia awe ameshakaa na madaktari akatazama. Kwetu si hivyo. Matokeo ya KCSE yakitoka, unajaza KUCCPS, na kinachokuingiza ni alama zako: Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Wengi huanza wakiwa na miaka 18 au 19. Ni miaka 6 ya masomo, kisha mwaka mmoja wa kufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi. Katika safari yote ya kuingia, fomu haikuulizi kama umewahi kuona wodi. Kwa hiyo siku hizo tatu hazitakuongezea hata pointi moja. Faida yake ni kwamba utakuwa unajua unachokiomba.

Mtoto wa daktari anakijua tayari. Ameona mzazi wake akiitwa usiku wa manane, ameona sikukuu zikipita mzazi yuko zamu. Akitaka kuingia hospitalini kutazama, simu moja inatosha. Lakini mtoto wa mvuvi wa Mtongwe, mtoto wa mama anayeuza mahamri Kisauni, mtoto wa dereva wa trela Changamwe, huyo hana mjomba wa kumpigia. Kwake yeye, barua ndiyo mjomba. Ndiyo maana nataka tuijue barua hiyo vizuri.

Kwanza, uombe wapi? Mawazo ya wengi huruka moja kwa moja hadi Coast General kule kisiwani. Ile ni hospitali ya rufaa na ya mafunzo. Wanafunzi wa KMTC wapo pale, madaktari wanaoanza kazi wapo pale, na wakati mwingine mgonjwa mmoja amezungukwa na watu mpaka hamwoni ndugu yake. Wewe uliyetoka shule juzi utakuwa wa mwisho katika foleni hiyo. Anzia karibu na nyumbani. Likoni tuna hospitali ya kaunti ndogo. Wa Changamwe wana Port Reitz. Wa Kisauni wana vituo vya afya kama Mlaleo na Bamburi, na zahanati za mitaani. Utaokoa nauli, na wa Likoni hutalazimika kusukumana kwenye feri alfajiri.

Mlijue na hili. Zahanati ni ngazi ya 2, kituo cha afya ni ngazi ya 3. Huko anayekuhudumia mara nyingi ni muuguzi au afisa wa kliniki, ingawa sisi sote humwita daktari. Usione umepunjwa. Afisa wa kliniki husoma diploma ya miaka 3, KMTC kwa mfano, na ndiye anayeona wagonjwa wengi wa nje. Huenda ukakaa naye siku mbili ukagundua kwamba kazi uliyokuwa ukiiota ni hiyo yake, na kwamba iko njia fupi zaidi ya kuifikia.

Pili, umwombe nani? Usimvizie daktari mlangoni wala kumfuata kwenye gari lake. Hata akikuonea huruma akakubali, idhini ni ya ofisi. Hospitalini, barua iende kwa msimamizi mkuu wa hospitali, yule wanayemwita Medsup. Kwenye kituo cha afya au zahanati, iende kwa inchaji. Ipeleke mwenyewe, na usiende asubuhi foleni ikiwa imejaa, nenda alasiri. Beba nakala ya pili, ugongewe muhuri kwamba imepokewa.

Tatu, uandike nini? Barua nyingi za vijana husema, "Naomba nafasi yoyote." Ombi la namna hiyo ni gumu kulijibu, kwa sababu anayelisoma inabidi akufikirie kila kitu yeye. Omba kitu kidogo kinachoeleweka. Kwa mfano:

"Naishi Mtongwe na nimemaliza kidato cha nne. Nataka kuomba masomo ya udaktari na sijawahi kuona kazi hiyo kwa karibu. Naomba kukaa kando na kutazama katika kitengo cha wagonjwa wa nje kwa asubuhi 3, wiki yoyote itakayowafaa. Sitamgusa mgonjwa, sitashika faili, na nitatoka chumbani kila nitakapoambiwa. Nimeambatanisha barua ya mwalimu wangu na nakala ya kitambulisho cha mzazi."

Basi. Nusu ukurasa. Ukiwa hujafika miaka 18, mzazi aandike kwamba ameridhia. Zikipita wiki mbili bila jibu, rudi ukaulize kwa adabu. Ukikataliwa, shukuru, uende kituo kingine. Mwenda bure si mkaa bure. Na mtu yeyote akikudai pesa pembeni ili akupitishe, usitoe, uliza ofisini.

Nne, ukikubaliwa. Fika kabla ya saa uliyoambiwa. Vaa nguo safi na viatu vilivyofunika vidole, si ndara. Kula kabla ya kwenda, na ikiwa umefunga, mwambie aliyekupokea. Ukiona damu ukahisi kizunguzungu, sema na ukae chini. Ni bora kuliko kumwangukia mgonjwa. Simu izimwe, isiwekwe kimya tu. Usipige picha hata ya ukuta. Maswali yaandike kwenye daftari, umuulize daktari mgonjwa akishatoka.

Na umuulize maswali ya kweli. Hufanya nini dawa isipokuwepo? Humwambiaje mama habari mbaya? Muulize pia kuhusu ajira. Mgomo wa madaktari uliomalizika 2017 ulidumu siku 100, na wa 2024 siku 56, na suala la madaktari wanaoanza kazi lilikuwa moja ya yaliyobishaniwa mwaka huo. Si vizuri kijana akayajua hayo akiwa mwaka wa sita.

Sasa nafika kwenye jambo zito kuliko yote, nalo linamhusu kila mkazi, awe na mtoto anayetaka udaktari au la. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Mgonjwa humfunulia daktari lile ambalo hata mumewe au mkewe halijui, kwa sababu anataka kupona. Na wewe kijana umeomba nafasi karibu na nyumbani. Basi siku ya kwanza, atakayeingia mlangoni huenda akawa jirani yako, mwalimu wako wa madrasa, au dada wa rafiki yako.

Ukimtambua mgonjwa, simama utoke bila kungoja kuambiwa. Usiyoyatafuta ukayasikia, yaache pale pale. Usimsimulie mama jikoni, hata bila kutaja jina. Mtaani kwetu jina hujulikana kabla hujalimaliza. Si adabu tu. Katiba, ibara ya 31, inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Afya ya 2017 inalinda siri ya mgonjwa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya miongoni mwa zile zinazohitaji ulinzi wa pekee. Neno moja likivuja, mgonjwa huyo anaweza asirudi kliniki tena.

Nanyi wakazi, mkiwa mbele ya daktari mkaulizwa kama kijana anaweza kukaa ndani, mna haki ya kusema hapana. Hamhitaji kutoa sababu, na matibabu yenu yasipungue kwa hilo. Mkiona sawa, mkubalieni. Huenda kesho ndiye atakayewatibu.

Kwa wahudumu wetu wa afya, najua mzigo mlio nao. Ombi langu ni dogo: barua ya kijana ijibiwe, hata kama jibu ni hapana. Kijana asiyejibiwa hudhani amekataliwa kwa sababu hajulikani.

Wazazi, mtoto akirudi baada ya siku tatu akasema, "Mama, kazi hii siiwezi," msimkasirikie. Amewaokolea karo na miaka. Na akirudi akasema bado anaitaka, mwaminini, kwa sababu sasa anaisema kazi aliyoiona.

Vijana, karatasi na kalamu mnazo. Barua iandikwe leo usiku, mwalimu aisome kesho, kabla ya wiki kuisha iwe imegongwa muhuri.