Moto ni kazi, isiwe kaburi
Maneno yaliyosomwa Nyawera, Bukavu, mbele ya vijana, bamotari na bamama wa soko

 

Hatukuja kusema moto ni mbaya. Bukavu bila moto haitembei. Mji wetu umekaa juu ya milima, karibu mita 1.500 toka usawa wa bahari, na nyumba nyingi ziko mahali gari haliwezi kufika. Mama anayeshikwa na uchungu usiku kule juu Kadutu, moto ndiyo inamshusha. Mfuko wa unga unaoenda Panzi, moto ndiyo inaubeba. Na kijana aliyemaliza chuo, diplome iko ndani ya sanduku, kazi hakuna: moto ndiyo ilimpokea. Wengi kati yetu tuliosimama hapa tumesomeshwa na pesa ya moto. Yule atakayetoka hapa akisema "hawa vijana wanachukia bamotari" hajatusikia.

Tulikuja kusema jambo moja: moto inatuua palepale tunapodhani tunaokoa pesa. Na mwenye kuamua pesa hiyo iokolewe wapi, mara nyingi siye yule anayeshika guidon.

Tuanze na chombo chenyewe. Moto zetu za kazi zina piston moja tu. Bougie moja, carburateur moja, na upepo ndio unapoza injini, hakuna maji wala radiateur. Fundi wa kando ya barabara anaifungua kwa funguo chache, na kabla ya giza imerudi kazini. Tena piston hiyo moja inasukuma kwa nguvu hata injini ikizunguka polepole, ndiyo maana inapanda milima yetu na watu juu yake. Si Bukavu peke yake iliona hiyo faida. Honda ilitoa Super Cub mwaka 1958, ya piston moja, na kufika 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100. Kenya nayo iliondoa kodi ya VAT kwa moto za chini ya cc 250 mwaka 2008, na ndani ya miaka michache bodaboda zikajaa mpaka vijijini. Moto ya piston moja ni chombo cha mtu mdogo duniani kote. Hilo si tusi, ni sifa.

Wazee wetu walizoea Yamaha AG 100 na DT 125, moto za mapadri na za wauguzi wa vijijini. Zile ni deux temps: bougie inawasha kila mzunguko wa injini, mafuta ya kulainisha yanaungua pamoja na essence, na nyuma unabaki moshi wa bluu. Zina nguvu, lakini kwenye mteremko, hata ukifunga gaz, injini haizuii sana. Leo kwenye parking tunaona Bajaj Boxer na TVS, nazo ni quatre temps. Bougie inawasha mara moja kwa mizunguko miwili. Zinakula essence kidogo, hazitoi moshi zikiwa nzima, na kwenye mteremko, ukiacha vitesse ndani, injini yenyewe inashika gurudumu. Ni sawa vile umepewa frein ya tatu, na hukuilipia.

Sasa tunafanya nini na hiyo frein ya bure? Tunaitupa. Motari akifika juu ya mteremko anatia point mort. Wengine wanazima injini kabisa, moto inashuka kimya sawa vile baiskeli. Kinachookolewa ni vijiko vichache vya essence. Kuanzia hapo, kazi yote iko kwa frein peke yake.

Na tuziangalie hizo frein. Kwa moto nyingi za kazi ni za tambour, nyuma na hata mbele: garniture mbili zinazosugua chuma kwa ndani. Zikisugua muda mrefu zinapata joto, na zikipata joto sana hazishiki tena vizuri. Ongeza mvua na matope yetu. Ongeza uzito: moto yenyewe ina kilo 100 na kitu, lakini watu watatu juu yake wanafika kilo 180 au zaidi, na ilitengenezwa kwa watu wawili. Ongeza mwendo: ukitoka 20 kwa saa ukafika 40, umbali ambao frein zinahitaji ili kukusimamisha hauwi mara mbili, unakuwa mara nne. Na chini ya mteremko kuna soko. Kuna watoto wanaotoka masomo. Kuna mama na beseni la ndizi kichwani.

Tukimuuliza motari kwa nini, hatatuambia kwamba hajui. Anajua kuliko sisi. Atatuambia neno moja: versement.

Wengi si wenye moto. Jioni mwenye moto lazima apate pesa yake, mvua inyeshe isinyeshe, roulage akukamate asikukamate. Essence inalipwa na motari. Kinachobaki ndicho kinakuwa chakula cha watoto. Kwa hesabu hiyo, kila kijiko cha essence kina kazi yake nyumbani, na abiria wa pili nyuma ndiye faida ya siku. Garniture zinangoja wiki ijayo, kisha wiki ile nyingine. Mkono unaotia point mort ni wa motari, ndiyo. Lakini versement ndiyo inausukuma.

Kuna wanaosema: tulete moto mpya, ajali zitaisha. Hapana. Moto mpya ina frein nzima, lakini mara nyingi iko na kijana mpya juu yake, aliyejifunza siku mbili tatu na kuanza kubeba watu. Moto ya zamani iko na motari anayejua kila shimo la barabara ya Lumumba, lakini garniture zimekwisha na mnyororo unalegea. Hatari haisomi mwaka wa plaque.

Tuseme na habari ya casque. Tafiti nyingi za nchi mbalimbali zilipokusanywa pamoja mwaka 2008, zilionyesha kwamba casque inapunguza hatari ya kufa kwa karibu 42 kwa mia, na hatari ya kuumia kichwa kwa karibu 69 kwa mia. Hapa kwetu casque inatundikwa kwenye guidon ikingoja roulage atokee, na abiria hana hata hiyo moja. Bamama wengine wanatuambia: "Casque ya watu wote inaleta wadudu na harufu." Ni kweli. Basi tutembee na kitambaa cha kufunga kichwa kabla ya kuivaa. Wadudu wanatoka kwa sabuni. Kichwa kilichopasuka hakina sabuni.

Tena usivuke mbali. Vuka Ruzizi tu, ufike Kamembe. Tunajua kusema jina la upande ule kunauma, na mambo mazito yaliyo kati yetu na jirani huyo hatuyasahau. Lakini macho yameona: kule motari anabeba abiria mmoja, na abiria anapewa casque. Moto ni zilezile, milima ni ileile, na mvua inanyesha pande zote mbili za maji. Kilicho tofauti ni kwamba sheria inafuatwa kila siku. Kichwa cha mtoto wa Bukavu hakina bei ndogo kuliko kichwa cha ng'ambo.

Kwa hiyo tunasema na watu wanne.

Kwa wenye moto: versement yenu ni haki yenu, lakini moto bila frein si mali, ni deni la damu. Garniture, mipira na casque mbili vitoke kwenye mfuko wenu, siyo kwenye chakula cha motari. Siku moto iko kwa fundi, msidai versement. Hapo ndipo motari ataacha kuficha ubovu.

Kwa polisi wa roulage: mkisimamisha moto, mwangalie frein kabla ya kuangalia mfuko. Motari akiacha franka kwenu asubuhi, atazitafuta mchana kwa kubeba watu watatu. Pesa hiyo bila kitansi inageuka mwendo barabarani.

Kwa wakubwa wa mji: assurance ya chombo ni lazima katika nchi hii toka mwaka 1973, na toka sheria ya 2015 SONAS haiko peke yake tena kwenye kazi hiyo. Lakini wengi wetu tunaijua assurance kama karatasi ya kuonyesha roulage. Iliwekwa ili aliyeumizwa alipwe. Leo mtu akivunjika mguu, familia ndiyo inachanga, inauza shamba, na mgonjwa aliyepona anangoja kitandani mpaka deni la hospitali liishe. Waelezeni raia namna ya kudai haki hiyo, na waliolipwa assurance walipe.

Na kwetu sisi abiria, juu hapo hatuhitaji kungoja mkubwa yeyote. Sisi ndio tunapanda watatu ili tugawane bei. Sisi ndio tunasema "kimbia, nimechelewa." Motari hawezi kubeba mtu wa tatu kama wa tatu amekataa kupanda. Akipoteza pesa ya yule mmoja, sisi wawili tuongeze kidogo. Ni bei ndogo kuliko plasta ya mguu.

Kuanzia kesho, hapa Nyawera na kila parking, kabla ya mteremko tuguse bega la motari kwa heshima, tumwambie: "Ndugu, weka vitesse." Akikataa, tushuke, tumlipe pale alipotufikisha, tutembee. Miguu ya Bukavu imezoea milima.

 Nendeni polepole, mfike nyumbani.