Ziwa Nyuma ya Matete: Uhariri katika The African Queen



Nikiitaja The African Queen mbele ya wasomi wa mwambao huu, hujibiwa kwamba filamu ile haituhusu, kwa kuwa haikupigwa katika ziwa Tanganyika. Vita vya Waingereza na Wajerumani juu ya ziwa hili, 1915 na 1916, mnavijua, na meli Liemba iliyosalia kutoka vita hivyo mnaijua. Leo nashughulika na jibu hilo tu.

Ni kweli, John Huston alipiga picha mto Ruiki, Kongo hii hii lakini mbali na Uvira, kisha Uganda. Waigizaji walipotakiwa kuingia majini, kazi ikahamia studio Uingereza. Lakini wanaosema hivyo wanapima filamu kwa ramani, na filamu huzaliwa mezani pa mhariri. Ralph Kemplen alipokea maji ya nchi tatu akatoa mto mmoja. Mara nyingi anatanguliza uso wa Rose, dada wa mchungaji, au wa Charlie, nahodha wa boti, ndipo tuone walichokitazama. Tukishayafuata macho yao, hatuulizi maji yametoka wapi. Hata kichekesho kimo katika mikato: tumbo la Charlie linanguruma mezani, na mchungaji na dada yake wanaendelea na chai kana kwamba hawakusikia kitu.

Sasa tazameni onyesho la matete. Boti yao, ikielekea ziwani, imekwama, Rose amesali, wote wawili wamelala wakingoja kufa. Kamera inapanda taratibu juu ya matete, na kumbe ziwa liko palepale! Sisi tunaliona, wao hawalioni. Ndipo mvua inanyesha, mto unajaa, boti inaelea.

Utotoni mjomba alinipeleka kwa mtumbwi kwenye matete ya mdomo wa mto Ruzizi. Nikiwa nimeketi sikuona ziwa wala milima. Nilisikia mawimbi tu. Mjomba akasimama, akatazama, akageuza kafi bila kusema neno. Jack Cardiff, mpiga picha wa Huston, ameisimamisha kamera yake kama mjomba alivyosimama. Ndiyo maana nasema filamu hii ya 1951 ni ya ziwa letu, popote ilipopigwa.

Lawama moja naikubali, nayo ni nzito. Kijiji kikishachomwa, Waafrika karibu wote wanatoweka kwenye picha, ilhali boti halisi za Waingereza katika vita vya ziwa, Mimi na Toutou, zilivushwa milima ya Katanga kwa jasho la vibarua wa Kiafrika. Walioondolewa waliondolewa kwa kalamu na kwa mkasi. Basi atakayewarudisha lazima naye aujue mkasi.

Ombi langu kwa uongozi wa taasisi hii: uhariri wa filamu ufundishwe hapa Uvira, hata kwa simu za mkononi, na zoezi la kwanza lifanyike katika matete ya Ruzizi.