Kura Tano kwa Kila Kituo

Msikilizaji, uchaguzi wa rais wa Agosti 2022 hapa Kenya uliamuliwa kwa tofauti ya kura 233,211 kati ya William Ruto na Raila Odinga. Zikitajwa kwa mkupuo, kura hizo ni nyingi. Lakini vituo vya kupigia kura vilikuwa 46,229. Ukigawa, unapata kura tano kwa kituo. Waliojiandikisha walipita milioni 22, waliopiga kura ni milioni 14 na ushei, na hivyo waliobaki nyumbani ni kama watu 168 kwa kila kituo. Kura zilizokataliwa wakati wa kuhesabu nazo zilipita 113,000, yaani zaidi ya mbili kituoni. Ndiyo maana nasema kwamba vyama vinavyojiandaa kwa Agosti 2027 vitapoteza fedha kwenye helikopta na vipaza sauti, ilhali kazi yenyewe iko katika darasa la shule ya msingi linalogeuzwa kituo cha kura na kwenye nyumba zinazolizunguka.

Atatokea wa kuniambia kwamba wastani hudanganya, kwamba kura za Siaya, ngome ya Odinga, na za Kericho, ngome ya Ruto, hazikugawanyika tano tano. Kweli kabisa. Ila hoja hiyo inazidi kunipa nguvu, maana ngomeni hakuna wa kushawishiwa, kuna wa kutolewa nyumbani. Kisheria kituo kimoja hakipaswi kuzidi wapiga kura 700, na watu hao ni kijiji au mtaa unaofahamika. Mwenye duka anajua nani amehamia Nairobi na hatapata nauli ya kurudi. Mwendesha boda boda anajua mzee gani hawezi kutembea hadi shuleni. Katika chama cha akina mama hujulikana nani amejifungua juzi na nani amepoteza kitambulisho, na kitambulisho hakipatikani kwa siku mbili. Watu kumi wa namna hiyo, kila mmoja na majina yake 70, wakianza mapema, watafanya kazi ambayo lori lenye muziki haliwezi kuifanya hata likipita mara mia. Wengine wataona huko ni kupeleleza majirani. Wana sababu: mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua wamesajiliwa katika vyama wasivyowahi kujiunga navyo. Kwa hiyo mwenye kukusanya majina aombe ruhusa mlangoni, na akiambiwa hapana, aondoke na kalamu yake.

Halafu kuna wakala, yaani mwakilishi wa chama kituoni, na hapa ndipo vyama vyetu hulegea zaidi. Juni 2017, katika kesi ya mwanaharakati Maina Kiai, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba matokeo yanayotangazwa kituoni ndiyo ya mwisho kwa kituo hicho. Maana yake ni kwamba zogo la Bomas, ukumbi wa kujumlishia kura za urais, tunalolikodolea macho kwenye runinga linakuja baada ya shughuli kwisha. Shughuli ni pale karatasi inapoinuliwa, jina linasomwa na mawakala wanaonyeshwa alama, moja baada ya nyingine, kwa nyadhifa sita, hadi usiku wa manane. Wakala ana haki ya kuomba kura zihesabiwe upya, lakini si zaidi ya mara mbili. Ana haki ya nakala ya Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo. Akikataa kutia sahihi anaandika sababu, na kukataa kwake peke yake hakubatilishi matokeo. Asiyefundishwa haya atasusa kwa hasira na kutoka nje akidhani amekiokoa chama chake, kumbe amewaachia wenzake meza.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba tume ya uchaguzi huziweka fomu hizo mtandaoni kila mtu azione, basi wakala wa nini? Utaratibu wa 2022 ulikuwa hatua kubwa, nami nausifu. Mahakama ya Juu ilipolinganisha fomu za mtandaoni na zilizofikishwa Bomas, haikuona tofauti ya kubadilisha matokeo. Lakini picha ya fomu huonyesha kilichoandikwa tu. Haionyeshi kura iliyotupwa katika rundo la jirani, wala jinsi mpiga kura asiyejua kusoma alivyosaidiwa. Sheria inataka mawakala washuhudie afisa msimamizi anapomsaidia mtu huyo. Kiti cha wakala kikiwa kitupu, ushahidi huo haupo, na mtandao hautauzalisha baadaye.

Gharama je? Tuchukulie shilingi 2,000 kwa kila wakala, mmoja kila kituo: ni kama milioni 92. Chama kidogo hakiziwezi, na hapo muungano una maana kuliko picha za viongozi wakishikana mikono, kwa kuwa washirika wanaweza kugawana vituo. Vyama vikubwa, ambavyo hupata mamia ya mamilioni kwa mwaka kutoka Mfuko wa Vyama vya Kisiasa, havina cha kujitetea. Wakala aliyeamka alfajiri, akakaa hadi kesho yake bila chai wala nauli, atanunuliwa na wa kwanza kumletea chakula. Malipo yake na yaingie kwenye simu mkesha wa uchaguzi, moja kwa moja kutoka makao makuu, yasipitie mkononi mwa mratibu wa kaunti.