Maswali Kabla ya Vipimo: Kuyatambua Magonjwa ya Tumbo na Ini Changamwe

Ndugu wahamasishaji wa afya ya jamii, nanyi ndugu mnaohudumu kwenye maduka ya dawa,

Mtu akilalamika tumbo katika mitaa yetu, kuanzia Chaani hadi Mikindani, jina la ugonjwa huwa limeshapatikana kabla hajaguswa: ni taifodi, au ni alsa. Wengine huja dukani wakalitaja wenyewe na kuagiza dawa. Majina hayo mawili yamefunika magonjwa mengi. Changamwe ni eneo la bandari na viwanda mjini Mombasa, wakazi wake wametoka pande zote za Kenya, na kwa hivyo mgonjwa wa tumbo hapa aulizwe mambo matatu kabla ya kutolewa damu: anafanya kazi gani, anameza nini, na amekulia wapi.

Niiondoe taifodi njiani kwanza. Kipimo cha Widal, kinachopendwa na kliniki ndogo kwa kuwa ni rahisi na majibu hutoka upesi, hakitafuti bakteria; hutafuta kingamwili. Aliyewahi kuugua zamani, aliyechanjwa, na hata mwenye malaria, wote wanaweza kuonekana wana taifodi. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu maabarani, nacho huchukua siku kadhaa. Taifodi ya kweli ipo, na mji unaonunua maji kwa mitungi hauwezi kuidharau: homa hupanda siku baada ya siku, kichwa huuma, na ikicheleweshwa utumbo unaweza kutoboka. Lakini mtu anayeambiwa ana taifodi kila baada ya miezi michache, akamezeshwa antibiotiki kila mara, mimi naamini ugonjwa wake bado haujatafutwa.

Sasa kazi. Hapa hatuhitaji mfano wa mbali, kwani tuna Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilifunguliwa ubavuni mwa kijiji hicho mwaka 2007, kikafungwa 2014. Bi Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho. Mwanawe mchanga aliugua akalazwa, na chanzo hakikujulikana mpaka damu ilipopimwa madini ya risasi. Kesi ya wanakijiji kuhusu sumu hiyo ilisikizwa hapa Mombasa, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa iliutengua uamuzi huo, kisha Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Kwetu sisi wa afya, kisa hiki ni somo la utambuzi. Sumu ya risasi hushika tumbo: msokoto unaokuja na kuondoka, kufunga choo, kichefuchefu, na pembeni yake upungufu wa damu usioeleweka. Ukimbonyeza mgonjwa tumboni huenda usipate mahali maalumu panapouma. Kwa mtoto, utaona uzito hauongezeki na darasani anarudi nyuma. Dalili hizo kwa urahisi kabisa huitwa alsa kwa mtu mzima na minyoo kwa mtoto. Dawa ya alsa haiondoi risasi mwilini. Shirika la Afya Duniani linasema kiwango cha maikrogramu 5 au zaidi kwa kila desilita ya damu kinatosha kuanza kutafuta chanzo na kukiondoa. Kiwanda kimefungwa, ila udongo haukuhama, na wako wanaovunja betri majumbani hadi leo. Muulizeni mtu kazi yake, na kazi ya anayelala naye chumba kimoja.

Swali la pili ni anachomeza. Kibarua anayebeba magunia au kupakua makontena hurudi nyumbani na mgongo unaowaka, naye humeza diklofenaki au ibuprofeni, mara nyingi juu ya tumbo tupu, miezi nenda miezi rudi. Dawa hizo huondoa kinga ya utando wa tumbo na kulichimba. Chanzo kingine kikuu cha vidonda vya tumbo, yaani alsa, ni bakteria wa helikobakta, waliotambuliwa na Barry Marshall na Robin Warren kule Australia mwaka 1982. Ugunduzi huo uliwapatia Tuzo ya Nobel 2005. Kabla yao, lawama nyingi zilikuwa kwa mawazo na pilipili, na naona kwetu pilipili bado haijasamehewa. Kipimo cha damu cha bakteria hawa hakibagui maambukizi ya sasa na ya zamani. Kipimo cha choo ni bora, mradi mgonjwa awe ameacha omeprazoli kwa wiki mbili na antibiotiki kwa wiki nne. La sivyo majibu yanaweza kuwa safi naye bado anaumwa. Ninyi wa maduka ya dawa ndio mnaojua nani hununua omeprazoli kila wiki. Huyo msimuuzie tena kimya kimya. Mwulizeni kama choo chake ni cheusi na chenye kunata, kama anakonda, kama chakula kinamkwama. Jibu likiwa ndiyo kwa lolote kati ya hayo, anahitaji kamera ya tumbo, na rufaa yake ianzie hospitali ya Port Reitz siku hiyo hiyo.

Katika anachomeza, msisahau parasetamoli iliyozidi, chang'aa, mitishamba isiyojulikana, na dawa za kifua kikuu. Mgonjwa wa kifua kikuu akianza kutapika na macho yakawa ya manjano, dawa hizo huenda ndizo zinazoliumiza ini. Arudi kliniki yake mara moja, asisubiri tarehe.

Swali la tatu, amekulia wapi, huachwa kwa kuogopa kuonekana tunauliza kabila. Ulizeni bila kuona haya. Kichocho cha Pwani, kama cha Kwale, ni cha kibofu, na alama yake ni damu kwenye mkojo. Kile cha ukanda wa Ziwa Victoria na Mwea hushika utumbo na ini. Kijana aliyekulia kando ya ziwa, akavua na kuoga humo, anaweza kuishi Changamwe miaka mingi akiwa mzima, kisha siku moja akatapika damu nyingi bila maumivu ya tumbo. Mishipa ya umio imepasuka kwa sababu ini lina makovu na bandama limevimba. Aliyekulia Ukambani naye huletewa gunia la mahindi kutoka nyumbani. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliwafanya waugue watu 317 huko Makueni, Kitui na wilaya jirani, wakafa 125, wengi wakianza kwa macho ya manjano. Mahindi yaliyoota ukungu hayatibiwi kwa kuoshwa wala kupikwa.

Macho ya manjano pamoja na mkojo wa rangi ya chai ya mkandaa hayatoshi kutaja ugonjwa. Yanatosha kumpeleka mtu hospitali. Akiwa mjamzito, ni dharura, kwa kuwa homa ya ini aina ya E, inayoletwa na maji machafu, huwaua wajawazito kuliko watu wengine. Aina ya B ni ya damu na majimaji ya mwili, nayo ni kimya. Watoto tisa kati ya kumi wanaoambukizwa wakizaliwa hubaki nayo maisha yote, na wengi hawajui mpaka tumbo lijae maji au saratani ianze. Chanjo yake iliingizwa katika ratiba ya watoto wa Kenya mwaka 2001, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14.

Ninyi wahamasishaji mnatoboa vidole vya watu kupima sukari nyumba kwa nyumba. Mkikutana huko na aliyezaliwa kabla ya 2001 na hajawahi kuchanjwa, mwambieni akapimwe homa ya ini aina ya B kabla ya mwezi huu kwisha, na akionekana hana, akamilishe dozi zake tatu ndani ya miezi sita.