Leseni ya Kuchukua Abiria

Watu wengi hudhani ya kuwa mtu akiisha kujua kuendesha motokaa aweza pia kuchukua abiria. Sivyo. Sheria ya Trafiki ya Kenya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari, 1954, yasema katika kifungu cha 33 ya kuwa mwenye kuomba leseni ya basi, matatu au lori kubwa sharti awe ametimiza miaka 24, na tena awe amekuwa na leseni ya motokaa au ya gari la biashara kwa miaka 4.

Basi taniboi aliyejifunza usukani kwa kumtazama dereva wake bado si dereva, na tajiri anayempa gari amevunja sheria pamoja naye.

Tena dereva wa gari la abiria haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 8 katika muda wa saa 24. Kutoka Malindi kupitia Kilifi hadi Mombasa ni kilomita 120 hivi, mwendo wa saa 2 au zaidi. Akienda na kurudi mara mbili, saa zake zimekwisha. Safari ya tatu huongeza nauli, lakini mikono iliyochoka ndiyo iliyoshika roho za abiria wote. Kwa hiyo tajiri na atafute dereva wa pili, mwenye leseni ya kazi hiyo.